Stika Tatu Kwenye Chupa Moja: Nani Anapandisha Bei ya Bia Masaki?

Jumamosi moja nilisimama mbele ya friji la supamaketi pande za Msasani, mkononi nina chupa ya bia ya Kibelgiji ya mililita 330. Stika ya bei ilikuwa imevimba kidogo, na mimi ukucha wangu hautulii. Nikaibandua. Chini yake kulikuwa na stika nyingine, na chini ya hiyo, nyingine tena. Ya chini kabisa iliandikwa 7,500, ya katikati 9,000, ya juu 11,500. Kijana aliyekuwa anapanga maziwa pembeni aliniona, akacheka. "Dola hiyo, mzee wangu."

Nimelisikia jibu hilo tangu 2022, kwa muuza matairi, kwa fundi simu, hata kwa mama anayeniuzia mitumba ya Karume. Kwenye bia ya nje, na kwenye hizi bia za krafti zinazopikwa na viwanda vidogo, dola ina kesi ya kujibu. Ila tukiishia hapo tutakuwa tumemkamata mshitakiwa mmoja na kuwaachia wanne. Tena hatutaelewa jambo moja la ajabu: kwa nini bia iliyopikwa hapa hapa Dar, na Mtanzania, kwa maji ya DAWASA, wakati mwingine inauzwa karibu sawa na iliyovuka bahari.

Nianze na mshitakiwa wa kwanza. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Mwaka 2023 ikaadimika, waagizaji wakawa na shilingi mkononi na benki haina dola za kuwapa. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600, na kabla ya mwaka kuisha ikavuka 2,700. Kisha Desemba shilingi ikajikaza ghafla, dola ikarudi hadi karibu 2,400. Tukumbuke hilo la Desemba, tutalirudia.

Sasa tufanye hesabu ya kwenye kitambaa cha karatasi, ile inayofanywa mezani. Namba ni za mfano wangu. Chupa inatoka kiwandani Ulaya kwa senti 80 za dola, usafiri na bima senti 20. Inafika bandarini ikiwa na thamani ya dola moja kamili, yaani shilingi 2,300 kwa dola ya zamani. Weka ushuru wa forodha wa asilimia 25, ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa ngazi ya juu ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kabla ya kuongezwa ngazi ya asilimia 35 mwaka 2022: shilingi 575. Weka ushuru wa bidhaa, ambao kwa bia hutozwa kwa lita, tuseme 300 kwa chupa hii. Tumefika 3,175. Juu ya yote hayo VAT ya asilimia 18, inakuwa karibu 3,750. Mwagizaji anaweka robo yake, inakuwa kama 4,700. Baa inazidisha mara mbili: tuko karibu 9,400. (Mhasibu atakayesoma hapa ataona nimeirahisisha VAT. Anisamehe, kitambaa chenyewe kidogo.)

Rudia hesabu hiyo hiyo kwa dola ya 2,700. Bandarini na kodi zote inakuwa kama 4,340, kwa mwagizaji 5,420, mezani 10,840. Dola imepanda shilingi mia nne. Mnywaji amepandishiwa karibu buku jero.

Hapo ndipo wengi wanaposema tunaibiwa. Sidhani. Asilimia inakaa juu ya asilimia: forodha inapigwa kwenye thamani iliyokwisha kujumlisha nauli ya meli, VAT inapigwa kwenye forodha, faida ya mwagizaji inapigwa kwenye VAT, na ya baa inapigwa kwenye kila kitu. Kila aliyepo kwenye mnyororo anaamini kwa dhati kwamba yeye hajapandisha chochote, maana asilimia yake ni ile ile ya mwaka jana. Na ni kweli.

Halafu kuna zile stika. Chupa niliyoishika ilikaa friji lile lile tangu stika ya kwanza hadi ya tatu, kwa hiyo ililipiwa kwa dola ya bei ya chini. Mbona imepandishwa ikiwa imeshanunuliwa? Muulize mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo, atakwambia: hauzi kwa bei aliyonunulia, anauza kwa bei atakayonunulia. Akiuza chupa ya leo kwa hesabu ya jana, fedha anayoipata haitoshi kujaza rafu kesho. Hiyo ni busara ya duka, siilaumu. Kinachonikera ni kwamba busara hiyo inafanya kazi upande mmoja. Dola iliposhuka Desemba 2024, ghafla kila mtu akakumbuka mzigo wake ni wa zamani. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, ingawa hapa ngoma inachezwa na mnywaji.

Tuje kwenye kodi, ambayo ndiyo lawama ya pili kwa umaarufu. Ushuru wa bidhaa kwenye bia hautazami bei, unatazama lita. Chukua bia ya nusu lita inayouzwa buku mbili mtaani, na iwe inalipa shilingi 620 kwa lita. Hiyo ni 310, zaidi ya asilimia 15 ya anacholipa mnywaji. Chukua chupa yetu ya Kibelgiji ya 9,400 yenye ushuru wa 300: asilimia tatu. Kwa hiyo ushuru huu unamuuma mnywaji wa Manzese, mtaa wa watu wa kipato cha chini, kuliko wa Masaki, mtaa wa wenye nazo. Bajeti ya Juni inaposomwa Dodoma na ushuru ukaongezwa, baa za Peninsula, yaani rasi ya Msasani na Masaki, hupandisha bei kwa kisingizio ambacho kwenye hesabu yao ni kama chumvi kwenye chungu. Kilichowaumiza kweli ni forodha na nauli, na ndiyo maana bia ya Namibia au Afrika Kusini, nchi wenzetu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambazo bidhaa zake zenye cheti cha kuthibitisha zilikotengenezwa hupata unafuu wa forodha, inaweza kukaa friji moja na ya Ulaya kwa bei ya kibinadamu zaidi.

Nauli nayo ina kichekesho chake. Bia zaidi ya asilimia tisini ni maji. Tunalipia meli ituletee maji, ndani ya kioo kizito, kutoka Antwerp hadi Kurasini. Mwaka 2021, baada ya korona kuvuruga usafirishaji, kontena la futi 40 kwenye njia kuu za dunia lilifika zaidi ya dola 10,000. Lilipoanza kushuka, mwishoni mwa 2023 yakaja mashambulizi ya Bahari ya Shamu, na meli nyingi za kutoka Ulaya zikaacha Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Siku zinaongezeka, bima inaongezeka, na bia inazeeka njiani. Safari yote hiyo, kisha chupa yenyewe inakuja kufia dampo la Pugu Kinyamwezi, kwa sababu hakuna anayeirudisha Ubelgiji. Wakati huo chupa ya Safari au Kilimanjaro inarudi kwenye kreti, inaoshwa, inajazwa tena, mara nyingi kabla haijavunjika. Mnywaji wa bia ya kreti anaazimishwa kioo, wa bia ya nje anakinunua kila anapokunywa.

Na hapa ndipo mpikaji mdogo wa Dar anapokwama, kwa sababu watu wanadhani akiwa hapa basi hayamhusu. Yanamhusu yote, na mengine ya ziada.

Bia ni maji, kimea, hopsi na hamira. Maji yapo. Kimea ni shayiri iliyolowekwa, ikaachwa ichipue siku kadhaa, kisha ikakaushwa kwa moto wa kiasi. Ni kazi ya mtambo na watu waliosomea. Shayiri inalimwa kaskazini, Monduli, Karatu, West Kilimanjaro, kwa mikataba na kiwanda kikubwa. Mpikaji mdogo anayehitaji kimea cha rangi ya dhahabu iliyokolea, au kile cheusi cha bia nzito, hakipati mtaani. Anaagiza mifuko ya kilo 25 kutoka Ulaya au Afrika Kusini. Kwa lita elfu moja za bia anahitaji kilo mia mbili hivi. Hawezi kujaza kontena, kwa hiyo analipa nauli ya mtu anayechangia kontena na wengine, ambayo kwa kilo ni ghali. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, nchi mbili zinazouza shayiri nyingi duniani, bei ya nafaka hiyo ilipanda kila mahali. Mpikaji wa Dar hakununua punje hata moja ya Ukraine, lakini anayemuuzia kimea alinunua kwenye soko lile lile.

Hopsi ndiyo kabisa. Ni ua la mmea unaotaka mchana mrefu wa kiangazi ili ukue vizuri kabla ya kuchanua, na sisi huku karibu na Ikweta mchana wetu ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwa hiyo zinatoka Hallertau, Ujerumani, au Bonde la Yakima, Marekani, na zinatakiwa zisafiri kwenye baridi. Bia ya kawaida hutumia hopsi kidogo, za kuipa uchungu tu. IPA, aina ya bia chungu ambayo ndiyo kila mpenzi wa krafti anaiulizia, hutumia mara kadhaa zaidi, na nyingine hutiwa baada ya bia kuchacha ili harufu ibaki. Kiangazi cha 2022 ukame uliipiga Ulaya na mavuno ya hopsi yakapungua. Mtu anayekunywa Mikocheni analipia mvua ambayo haikunyesha Bavaria.

Kisha umeme. Bia inachachuka kwenye nyuzi joto kama 18 hadi 22 kwa aina nyingi za krafti, na chini ya hapo kwa lager, aina ya bia nyingi za kawaida, wakati nje Dar inachezea thelathini na kitu. Matangi yanapozwa mchana na usiku, wiki nzima na zaidi. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla Bwawa la Julius Nyerere halijawasha mtambo wake wa kwanza Februari ile, baa ya kawaida ilipoteza barafu na muziki. Mpikaji alikuwa anaweza kupoteza tangi zima, au achome dizeli kuliokoa. Bia ikipata joto katikati ya kuchachuka inaharibika ladha, na huwezi kumuuzia mtu elfu kumi na mbili kitu chenye harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi ukamwambia ndiyo ubunifu. (Kuna waliojaribu. Nilikunywa, nikanyamaza.)

Chupa? Tunacho kiwanda cha Kioo Limited hapa hapa Dar, lakini tanuru la kioo na kalibu zake ni biashara ya mamilioni ya chupa. Anayetaka chupa elfu tano zenye umbo lake atafute kwingine. Akienda kwenye makopo anakutana na alumini, ambayo Machi 2022 ilivunja rekodi kwa kupita dola 4,000 kwa tani kwenye soko la London. Ndiyo maana wapikaji wetu wachache wanauza zaidi kwa bomba, kwenye baa yao wenyewe: pipa halitupwi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo bia ya krafti pekee ambayo bei yake Dar ina maana. Ikishaingia kwenye chupa na kupelekwa supamaketi, inashindana na Ubelgiji kwa silaha za Ubelgiji.

Kiwanda kikubwa kina ngao kwa kila pigo kati ya haya. TBL iko chini ya AB InBev tangu 2016, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani, Serengeti nayo iliingia familia ya Diageo, kampuni kubwa ya vinywaji ya Uingereza, mwaka 2010. Wananunua kimea kwa meli, wanafunga bei mapema, chupa zao zinarudi. Na Serikali nayo iliwasaidia bila kukusudia kumwacha mdogo nje. Mwaka wa fedha 2021/22 ilishusha ushuru kutoka shilingi 765 hadi 620 kwa lita, kwa bia inayotumia shayiri iliyolimwa na kufanywa kimea hapa nchini. Viwango vimesogea tangu hapo, ila wazo ni zuri: mkulima wa Karatu apate soko. Nalipigia makofi. Lakini unafuu huo unamfikia mwenye uwezo wa kupata kimea cha ndani. Mpikaji wa lita elfu mbili kwa wiki hawezi kujenga mtambo wa kimea, kwa hiyo kwa kila lita analipa kodi kubwa kuliko jitu linalomzidi maelfu ya mara.

Ulaya walilitatua hili kwa kuangalia ukubwa wa kiwanda. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 1992 yanaruhusu nchi kumpunguzia mpikaji asiyezidi hektolita 200,000 kwa mwaka (hektolita moja ni lita mia) hadi nusu ya ushuru wa kawaida. Uingereza ikaanzisha unafuu wake mwaka 2002, na viwanda vidogo vikaota kama uyoga. Najua swali linalokuja: kwa nini nchi yenye zahanati zisizo na dawa ihangaike na bia ya watu wa Masaki? Ni swali halali, na sina huruma yoyote na mnywaji wa bia ya elfu kumi na mbili, nikiwemo mimi. Ila unafuu wa kodi tayari upo. Tunabishana tu nani anaupata, na mtambo mdogo unaajiri watu wengi zaidi kwa kila lita kuliko mkubwa. Nairobi walishaanzisha viwanda vidogo kama Sirville, Bateleur, 254. Sisi vidole vya mkono mmoja vinatosha, na kimoja utakirudisha mfukoni.

Nimezungumzia gharama muda wote, kana kwamba mnywaji yuko palepale anasubiri bili. Hayupo. Wakati vyuma vilipokaza, 2016 na 2017, mikutano ya Serikali ikatolewa mahotelini na watu wakajifunza upya kuhesabu. Mnywaji wa Dar hali inapokuwa ngumu haachi, anashuka ngazi: kutoka krafti hadi Heineken, kutoka Heineken hadi Kilimanjaro, kutoka Kilimanjaro hadi Konyagi ndogo ya kuchanganya na soda, watu watatu. Ngazi ya chini kabisa ilikuwa viroba, hadi vilipopigwa marufuku Machi 2017. Bia ya kreti kwa hiyo hupoteza wateja chini na kuwapokea kutoka juu. Krafti hupoteza tu, hakuna ngazi juu yake ya kumletea mtu.

Mwaka 2025 ulileta mbili kwa mpigo. Januari, Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai USAID, shirika lake la misaada, ikawa imefungwa rasmi. Watu wa miradi, Watanzania na wageni, ndio waliokuwa wanakaa kwenye viti virefu vya kaunta za Peninsula Ijumaa jioni. Viti vikapungua watu. Kisha Machi zikaja kanuni za kuzuia kutaja na kulipa bei kwa fedha za kigeni nchini. Nilishangilia, hadi rafiki yangu mwenye baa aliponionyesha mkataba wake mpya wa pango. Mwenye nyumba alibadili dola kuwa shilingi kama sheria inavyotaka, kwa kiwango cha siku ile, karibu 2,700. Shilingi ilipokuja kujikaza, pango likabaki juu. Wateja wachache, pango lile lile: akapandisha bei ya bia. Vitabuni mahitaji yakipungua bei inashuka. Baa yenye pango la Masaki haijasoma hicho kitabu.

Nimeona kitu kimoja tu kikishusha bei ya bia ya nje Dar, nacho ni tarehe iliyochapwa chini ya kopo. IPA inapoteza harufu ya hopsi ndani ya miezi michache, na ikishakaa baharini, bandarini kusubiri stempu za kodi za kielektroniki, na ghalani kwenye joto, inabaki na uhai mfupi. Ikikaribia kuisha muda, mwagizaji anaitupia baa kwa hasara, baa inaandika OFA kwa chaki.

Anayetaka kuivizia aangalie kalenda. Mara nyingi shilingi hupata nguvu nusu ya pili ya mwaka, watalii wanapojaa na minada ya korosho inapoanza Oktoba. Mzigo ulioagizwa kwa dola hiyo nafuu unafika Februari au Machi, wakati mzigo wa zamani unasukumwa utoke ghalani. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresma zilianza ndani ya wiki moja, mwanzoni mwa Machi. Baa nzima tulikuwa watu wanne, ofa imeandikwa ukutani, na mhudumu alikuwa anafuta kaunta ambayo hakuna aliyeichafua.